Strike Back: askari hodari na wafu wasio na majina



Jirani yangu, baba wa vijana watatu, alinijia jioni moja na diski tano zilizofungwa pamoja kwa utepe wa mpira. Akaziweka mezani, akasema: «Mwalimu, vijana wangu watazama mambo haya majuma mawili sasa. Wakiitwa kula hawasikii. Mimi Kiingereza sikijui. Naona moto na bunduki tu. Uyatazame kwa ajili yangu, kisha uniambie nifanye nini: niyatupe ziwani, au niketi nao nitazame pia?»

Nikamwomba siku chache. Haya ninayoyaandika leo ndiyo majibu niliyompa, pamoja na machache niliyoyafikiri baadaye, kwani najua nyumba yake si ya peke yake.

Mchezo wenyewe waitwa Strike Back. Ni mchezo wa televisheni wa Waingereza, nao wasimulia habari za askari wa kikosi cha siri na safari zao za hatari. Ulianza kuonyeshwa na Sky1 mwezi wa Mei 2010, ukaendelea kwa vituo hata mwaka 2020. Una mafungu manane: la kwanza lina sehemu 6, na hayo saba mengine yana sehemu 10 kila moja. Ukihesabu, ni sehemu 76, nami nakiri mbele yenu kwamba sikuzitazama zote kwa uangalifu ule ule. Nyingine nilizitazama huku nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, wala sikupotewa na jambo lolote la maana.

Asili ya mchezo ni kitabu cha mwaka 2007 cha Chris Ryan, ambaye mwenyewe alikuwa askari wa SAS, kikosi maalum cha Uingereza. Mtu huyu aijua hofu anayoiandika. Katika vita vya Ghuba, mwaka 1991, alikuwa mmoja wa watu wanane waliotumwa kwa siri nyuma ya majeshi ya Iraq. Safari ile iliharibika. Watatu wakafa, wanne wakatekwa, na yeye peke yake akaenda kwa miguu karibu kilometa 300 hata akafika Syria. Ndiyo maana katika sehemu za kwanza za mchezo kuna jambo ambalo halipatikani katika sinema nyingi za bunduki: askari huchoka, hukosea njia, na hukumbuka.

Tuanze basi na sifa, kwani zipo.

Wachezaji walifundishwa na watu waliokuwa zamani askari wa vikosi vya namna hiyo, na mafundisho yale yaonekana wazi. Tazama wanavyoingia chumbani. Hawaingii kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Wa kwanza ashika pembe moja ya chumba, wa pili ashika ya pili, wala hakuna anayeelekeza mdomo wa bunduki mgongoni mwa mwenzake. Risasi zikimwishia mmoja, apaza sauti, na mwenzake asogea kumkinga mpaka atie nyingine. Fundi seremala angependa kutazama kazi ya namna hii, hata kama haipendi vita, maana ustadi ni ustadi. Tena wanapendana. Tangu mwaka 2011 mashujaa ni wawili: Stonebridge, Mwingereza mwenye utii na mpango, na Scott, Mmarekani aliyefukuzwa jeshini, mpenda mizaha na mgumu wa kutii. Urafiki wao hukua polepole, kwa matusi na kwa kuokoana, kama urafiki wa wanaume wengi tunaowajua.

Lakini sifa kubwa ya mchezo huu iko katika fungu la kwanza, na hapo nataka tukae kidogo.

Ni mwaka 2003, vita vya Iraq viko karibu kuanza. Waingereza wachache watumwa Basra kumwokoa mtu aliyetekwa. Mkubwa wao ni John Porter, ambaye mchezaji wake ni Richard Armitage. Ndani ya nyumba ile Porter akutana uso kwa uso na mtoto, na kifuani mwa mtoto mna fulana ya mabomu. Askari wengi wangelijua jibu: mwenye fulana ya namna ile hupigwa risasi kabla mkono wake haujagusa swichi. Porter hapigi. Amtazama, aona kwamba ni mtoto, amwacha hai. Baada ya kitambo kidogo risasi zalia, na wenzi wake waanguka. Wote wasadiki kwamba mtoto aliyehurumiwa ndiye aliyewaua.

Porter alaumiwa, na jeshi lamwisha. Nyumba yake yavunjika. Kwa miaka saba aishi kama mtu anayebeba maiti mgongoni, kwa sababu ya sekunde mbili za huruma. Kisha mwanamke mwandishi wa habari atekwa huko huko Basra, na Porter aomba kurudi, akutane tena na mahali pale na mtoto yule, ambaye sasa ni kijana. Mwishowe, baada ya safari nyingi, ukweli watokea: risasi zile hazikutoka kwa mtoto. Zilitoka kwa Mwingereza mwenzao Collinson, aliyepiga ovyo katika fujo ile, akanyamaza, akapanda cheo, na kumwacha mwingine aadhibiwe kwa ajili yake.

Mnaona jinsi hadithi hii ilivyofumwa. Hatari iliyo kubwa kuliko zote si bomu. Ni ukimya wa mtu mmoja ofisini. Na mtazamaji alazimishwa kuchukua, kutoka sehemu hata sehemu, swali moja zito: je, Porter alikosa? Wachezaji hawatoi hotuba juu yake. Swali laonekana katika uso wa Armitage, ambaye hasemi sana, na macho yake huonekana kana kwamba hayajalala tangu siku ile.

Lakini hapa hapa nina neno la kuwalaumu watungaji. Wametufungulia mlango wa kutokea. Wakiisha kutuambia kwamba mtoto hakupiga, twapumua: kumbe huruma haikuleta hasara. Na kama mtoto angalikuwa ndiye aliyepiga kweli? Je, Porter angalikuwa mpumbavu? Swali hilo ndilo gumu, nao waliliogopa. Mimi nadhani mtu aliyemhurumia mtoto hakufanya vema kwa sababu mambo yaliishia vizuri. Alifanya vema kwa sababu mbele yake alisimama mtoto. Watungaji walikuwa na nafasi ya kusema hivyo, wakaiacha ipite.

Kwetu Kongo jambo hili si la mchezo. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyotolewa tarehe 14 Machi 2012, ilikuwa juu ya mtu wa nchi hii, Thomas Lubanga, kwa kosa la kuwaandika na kuwatumia katika vita watoto wasiofikia miaka 15, huko Ituri, katika miaka ya 2002 na 2003. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Basi mtoto mwenye silaha si ajabu ya Basra tu. Wengine kati ya wasomaji wa ukurasa huu wamepata kusimama njiani mbele ya mtoto kama huyo, wakamwita «chef», huku wakitazama kidole chake.

Turudi kwenye mchezo. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani Cinemax iliingia katika kazi hii pamoja na Sky, na mchezo ukabadilika sura. Armitage aonekana kidogo tu, na Porter auawa katika sehemu ya kwanza ya fungu lile. Pamoja naye likafa swali lake. Fedha ziliongezeka, na moto ukaongezeka pia. Yakaingia mambo ya chumbani na ya uchi, yaliyopachikwa kama kiraka cha rangi nyingine juu ya shati. Ukiyaondoa yote, hadithi haipungui hata neno. Baba na mama wajue hivyo kabla ya kuketi na watoto.

Nisiwe mkali kupita haki. Fungu hilo la 2011 lina ushujaa wa namna yake: siri iliyofichwa mwisho wake ni njama ya kupanda silaha za maangamizi huko Iraq ili zionekane, na vita vya 2003 vipate sababu. Njama yenyewe ni ya kubuni. Lakini ni kweli kwamba silaha zile zilitajwa kuwa sababu ya vita, na wachunguzi waliotumwa na Wamarekani wenyewe walitoa taarifa mwaka 2004 kwamba hawakukuta akiba yake. Huko Uingereza tume ya Chilcot, katika taarifa yake ya Julai 2016, ilisema kwamba vita viliingiwa kabla ya njia za amani kumalizika. Mchezo wa televisheni uliothubutu kusema mwaka 2011 kwamba uongo waweza kuanzia juu, kwa wenye mavazi safi, wastahili kusifiwa. Kwa bahati mbaya, siri ile inapofunuliwa mtazamaji amekwisha kuona milipuko mingi hata masikio yake yamekufa ganzi.

Sasa nisimulie niliyoyaona uani.

Vijana wa jirani yangu hucheza Strike Back kwa bunduki za mianzi. Mkubwa ni Scott, wa pili ni Stonebridge. Siku moja nilimkuta mdogo wao, mwenye miaka saba, amelala chini kando ya ukuta, mavumbi mpaka nyweleni. Nikamwuliza: «Na wewe, mwanangu, ni nani?» Akanijibu bila huzuni yoyote: «Mimi sina jina, Mwalimu. Mimi ni wa kufa. Leo nimekufa mara kumi na moja.» Kisha akaitwa, akaondoka mbio ili afe tena.

Mtoto yule alikuwa ameufahamu mchezo kuliko mimi. Katika mafungu ya baadaye watu wapo wa namna mbili: wenye majina, na wa kufa. Wa kufa hutokea nyuma ya mlango, hupiga risasi mia bila kumpata mtu, hupigwa moja, huanguka, na macho yetu hayarudi kwao tena. Hatujui walitoka kijiji gani. Kuwalipa waliwalipa kiasi gani? Walishika bunduki kwa kupenda au kwa kulazimishwa? Hakuna anayeuliza. Mara moja tu mchezo wakumbuka kwamba kifo kina uzito: mke wa Stonebridge auawa, na mume abaki na kidonda kinachomwongoza vibaya kwa muda mrefu. Hapo twaona jinsi mtu mmoja aliyekufa awezavyo kujaza sehemu nyingi, akiwa ana jina na mtu wa kumlilia.

Na wengi wa wale wa kufa ni watu wa rangi yetu, au Waarabu. Fungu la 2011 na lile la 2012 yalipigwa picha kwa sehemu kubwa Afrika ya Kusini, na nchi ile ikavikwa nguo za wengine: mara ni Delhi, mara ni Darfur, mara ni Mogadishu. Kazi ya mikono ni nzuri, sikatai. Lakini baada ya muda nilianza kuona kwamba kwa watungaji hawa mahali pote ni pamoja: ukuta mweupe, gari lililoungua, soko la kukimbilia, na watu wanaopiga kelele kwa lugha isiyofasiriwa. Hata adui mkuu wa fungu la 2012, Conrad Knox, tajiri mzungu asemaye kwamba anataka mema ya Afrika, ni mtu wa kufikirisha sana; Charles Dance amcheza kwa utulivu unaotisha. Nilitamani kuona Waafrika wengi wakimjibu mtu wa namna hiyo, kwani twawajua waliokuja kututengeneza bila kutuuliza. Badala yake waliomjibu zaidi ni wageni wawili wenye bunduki.

Mtu ataniambia: «Mwalimu, ni mchezo tu, vita vya sinema haviwezi kuwa kama vita vya kweli.» Nami nitamjibu kwa habari ya kweli, ya Waingereza hao hao, iliyotendeka hapa Afrika.

Tarehe 25 Agosti 2000, huko Sierra Leone, askari 11 wa Uingereza na mwenzao mmoja wa jeshi la nchi ile walitekwa na kundi lililojiita West Side Boys. Wakubwa wa Waingereza hawakuruka na helikopta usiku ule ule. Walianza kwa kuzungumza. Kwa mazungumzo yale watano wakafunguliwa. Wakati huo huo askari wachache wa SAS walijificha msituni karibu na kambi, wakakaa siku nyingi katika maji na wadudu, wakihesabu watu na kutazama ni nyumba gani iliyofungwa usiku. Tarehe 10 Septemba, alfajiri, ndipo walipoingia, pamoja na askari wa miavuli. Waliotekwa wote saba waliosalia waliokolewa, na raia wa Sierra Leone waliokuwa wameshikwa kambini pia. Mwingereza mmoja alikufa, wengine wakajeruhiwa, na katika kundi lile walikufa watu 25 au zaidi. Kati ya West Side Boys walikuwamo watoto.

Angalieni hesabu: siku 16 za kungoja na kusema na kutazama, kwa asubuhi moja ya risasi. Strike Back yageuza hesabu hiyo juu chini, dakika moja ya maneno kwa nusu saa ya risasi. Naelewa sababu, hakuna atakayenunua diski ya watu waliolala majini wakihesabu milango. Lakini kijana anayejifunza vita kwa diski hizi ataamini kwamba ushujaa ni wepesi wa kidole, na kwamba mwenye subira ni mwoga. Lakini wale waliolala msituni siku nyingi bila kukohoa walikuwa mashujaa wangapi?

Habari ya mafungu mengine niipitie upesi. La mwaka 2013 na la mwaka 2015 yaendelea na mashujaa wale wale wawili. Hili la pili lilichelewa kwa sababu Sullivan Stapleton, mchezaji wa Scott, aliumia kichwa huko Thailand, na kazi ikasimama. Kutoka 2017 hata 2020 wakaja askari wapya, wawili kati yao wanawake, wenye akili na wenye kupigana vizuri. Nimefurahi kuwaona. Lakini mambo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuzoeleka, na hapo ndipo madaftari ya wanafunzi wangu yalipopata faida.

Nilimrudishia jirani yangu diski zake, nikamwambia: usizitupe. Fungu la kwanza litazame pamoja na wale wawili wakubwa, nami nitakuja kufasiri. Mengine wangoje umri, na wakiyatazama, mtu mzima awepo chumbani. Mdogo asitazame kabisa. Umtafutie kwanza mchezo ambao atakuwa na jina.

Jumamosi nikaenda. Umeme ulitukubalia. Tulipofika pale Porter anaposimama mbele ya mtoto wa Basra, nikasimamisha mashine, picha ikabaki ukutani: askari, bunduki, na mtoto na fulana yake. Nikawauliza vijana wangefanya nini. Mkubwa akasema angepiga, kwa sababu ana wenzake wa kulinda. Wa pili akakasirika, akasema mtoto ni mtoto. Wakabishana kwa sauti, na baba yao, ambaye hata sasa Kiingereza hakijui, akaingia katika ubishi kuliko wote.

Mama wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alikuwa hajasema neno tangu tulipoanza. Akaitazama picha ile, akauliza: «Na mama yake huyo mtoto yuko wapi?»

Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Mkubwa akaniomba nirudishe nyuma kidogo, tutazame tena.